Senti Ngapi kwa Mstari? Malipo ya Wanukuzi wa Kumbukumbu za Wagonjwa



Baadhi ya kamati za sharika zenye vituo vya kompyuta zimetuuliza kama vijana wanaweza kufundishwa kazi ya kuchapa kumbukumbu za madaktari wa Marekani kwa njia ya intaneti. Wameambiwa inalipa vizuri. Kabla hatujawaomba wafadhili fedha, ni vema tuelewe malipo hayo yanavyopangwa, maana yanatofautiana sana mahali na mahali.

Kazi yenyewe ni hii: daktari akimaliza kumwona mgonjwa hurekodi maelezo kwa sauti, na mnukuzi husikiliza na kuyachapa ili yaingie katika faili la mgonjwa. Inadai Kiingereza kizuri, kujua majina ya magonjwa na dawa, na subira. Nukta moja ikikosewa katika kipimo cha dawa, mtu anaweza kudhurika.

Takwimu za serikali ya Marekani za Mei 2023 zilionyesha kuwa nusu ya wanukuzi walioajiriwa walipata zaidi ya dola 37,060 kwa mwaka, na nusu pungufu ya hapo. Waliojiajiri hawamo katika hesabu hiyo. Hata kwa walioajiriwa, jimbo lina uzito wake. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara katika jimbo la Washington kilikuwa dola 16.66 kwa saa. Mississippi haina sheria yake, hivyo hufuata kima cha taifa, dola 7.25, ambacho hakijabadilika tangu 2009. Gharama za maisha nazo hazilingani, kwa hiyo hospitali ya mji mkubwa hulazimika kulipa zaidi ili ipate watu.

Lakini wanukuzi wengi wanaofanyia kazi nyumbani hawalipwi kwa saa, bali kwa mstari. Mstari mmoja kwa kawaida ni herufi 65, nafasi zikihesabiwa. Tupige hesabu ya mfano: anayelipwa senti 4 za dola na kuchapa mistari 150 kwa saa anapata dola 6. Akiwa mwajiriwa Marekani, mwajiri hana budi kumfikishia kima cha chini. Akiwa na mkataba wa kujitegemea, kinga hiyo haimhusu, na aliye nje ya nchi haimfikii kabisa.

Na kazi hii ilikwishavuka mipaka zamani. Miaka ya 1990 makampuni ya India yaliichukua, na Ufilipino ikafuata. Saa ziliwasaidia: daktari wa Marekani akilala, India ni mchana, na asubuhi maandishi yako tayari.

Njiani, hata hivyo, fedha hupungua. Mwaka 2003 hospitali ya Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco ilikuwa ikilipa senti 18 kwa mstari. Kazi ikapita kwa mawakala kadhaa hadi kwa mwanamke mmoja nchini Pakistani, naye akipata senti 3. Alipodai hajalipwa, alitishia kuyaweka mafaili ya wagonjwa hadharani kwenye intaneti. Hospitali haikuwa na habari kwamba kazi yake imefika huko. Sisi tunamhurumia mwanamke yule, ingawa wagonjwa hawakuwa na kosa lolote.

Tangu hapo programu za kutambua sauti zimechukua sehemu kubwa ya uchapaji. Mnukuzi hubaki kusahihisha, na kwa kusahihisha hulipwa kiasi kidogo zaidi kwa mstari.

Kwa sababu hizo hatujaiweka kazi hii katika maombi yetu ya fedha. Kamati itakayoletewa wakala mwenye ahadi iulize mambo haya: analipa senti ngapi kwa mstari, mstari wake ni herufi ngapi, malipo hutoka baada ya siku ngapi, na kati yake na hospitali kuna mawakala wangapi. Akiomba ada ya mafunzo kwanza, tafadhali msimlipe kabla ya kuwasiliana na ofisi ya miradi.