Utata wa Amri za Kusasisha Vifurushi katika Debian: Ulinganisho wa apt-get na apt

Meneja wa vifurushi ni programu inayosakinisha, kusasisha na kuondoa programu nyingine katika mfumo endeshi wa Linux. Katika Debian na mifumo iliyotokana nayo, ikiwamo Ubuntu, kazi hiyo hufanywa na APT kupitia amri mbili zinazokaribiana: apt-get, iliyo kongwe, na apt, iliyoanza kutumika mwaka 2014. Makala haya yanaeleza jinsi tofauti ndogo kati ya amri hizo inavyoweza kuiacha seva bila kinga, ilhali msimamizi wake anaamini kuwa ameshailinda.

Utata wa kwanza umo katika majina. Amri ya apt update haibadilishi programu hata moja. Hupakua upya orodha ya vifurushi vilivyomo katika hazina. Amri ya apt upgrade ndiyo husakinisha matoleo mapya. Katika Fedora, kinyume chake, dnf update hufanya kazi ileile ya dnf upgrade. Kwa hiyo, msimamizi anayehama kutoka Fedora hukuta neno alilolizoea likiwa na maana nyingine. Kwa Kiswahili tatizo huzidi, kwa kuwa kitenzi sasisha hutumiwa kufasiri maneno yote mawili.

Utata wa pili ni mzito zaidi. Amri ya apt-get upgrade husasisha vifurushi vilivyokwisha kusakinishwa tu. Haiongezi kifurushi kipya wala haiondoi kilichopo. Amri ya apt upgrade nayo haiondoi kitu, lakini huongeza kifurushi kipya pale utegemezi unapokihitaji. Athari ya tofauti hiyo huonekana wazi katika kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Debian huweka namba ya toleo ndani ya jina la kifurushi cha kerneli, kwa mfano linux-image-6.1.0-18-amd64. Kasoro ya usalama inaporekebishwa, aghalabu namba hiyo hubadilika, na kwa APT marekebisho hayo huwa kifurushi kipya kabisa. Kifurushi cha linux-image-amd64, ambacho kazi yake ni kuelekeza kwenye kerneli ya karibuni, hakiwezi kusasishwa bila hicho kipya. Hivyo basi, apt-get upgrade hukiacha kilivyo, hutoa taarifa kwamba kimezuiwa, kisha humaliza kwa ishara ya mafanikio. Skripti inayotazama ishara hiyo pekee haitagundua kwamba kasoro ingalipo.

Nyaraka hazisemi uongo. Ukurasa wa mwongozo wa kila amri huitaja kanuni yake sawasawa. Upungufu ni kwamba kanuni hutajwa bila matokeo yake: msomaji huambiwa kuwa vifurushi vipya havitasakinishwa, ila haambiwi kuwa kerneli yenye kiraka cha usalama inaweza kuwa miongoni mwavyo. Aidha, taarifa ya kuzuiwa hutokea pia pale msimamizi alipokizuia kifurushi kwa hiari yake kwa apt-mark hold.

Amri ambayo ingeondoa tatizo, apt-get dist-upgrade, ina jina linalotisha. Jina hilo hudokeza kuhamia toleo jingine la Debian, jambo ambalo haifanyi maadamu orodha ya hazina haijabadilishwa. Katika apt amri hiyo huitwa full-upgrade. Hata hivyo, tahadhari haikosi msingi, kwani amri hiyo inaruhusiwa kuondoa vifurushi. Njia ya kati ipo: apt-get upgrade --with-new-pkgs, ambayo huongeza bila kuondoa.

Tabia ya apt-get haikubadilishwa kwa sababu skripti nyingi huitegemea, na uamuzi huo una mantiki. Kinachoweza kubadilishwa ni maelezo. Mwongozo unaotaja kile ambacho amri haitafanya, pamoja na hatari inayobaki, humpa msimamizi nafasi ya kuchagua kabla seva haijashambuliwa.