Bima ya Simu: Hesabu ya Kupiga Kabla ya Kuongeza Pesa Dukani

Swali la bima ya simu huja wakati mbaya. Mnunuzi amekwisha kuchagua simu, amekwisha kupunguziwa bei, na kidole kiko karibu kubonyeza PIN ya M-Pesa, ndipo muuzaji anaposema: "Mama, ongeza kidogo tu tukuwekee bima. Ikiibwa unapewa nyingine." Nyuma kuna watu wanaosubiri kuhudumiwa. Wengine hukubali ili mambo yaishe, wengine hukataa kwa sababu hiyo hiyo, na wote huondoka bila kujua walichokubali au walichokataa.

Kwa mkazi wa Soweto West swali hili si dogo. Mama anayeuza mboga kati ya Kianda na Gatwekera hupokea malipo kwa simu, huagiza nyanya kwa simu, hulipa kodi ya nyumba kwa simu na hupigiwa na mwalimu wa mtoto kwa simu hiyo hiyo. Kijana wa boda boda pale Olympic, au kule Kawangware 46, hupata wateja kupitia programu iliyo ndani yake. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, simu imekuwa duka, benki na ofisi ya mtu. Ikipotea Jumatatu asubuhi, kazi nayo inasimama Jumatatu asubuhi.

Jambo la kwanza ni kutenganisha vitu viwili ambavyo wauzaji huvichanganya, mara nyingi bila nia mbaya. Waranti ni ahadi ya mtengenezaji kwamba simu haina kasoro ya kiwandani. Betri ikikataa kuchaji wiki ya pili, hiyo ni kazi ya waranti, na mnunuzi halipii chochote zaidi. Simu ikianguka kwenye sakafu ya saruji na kioo kupasuka, au ikiingia kwenye ndoo ya maji, waranti kwa kawaida haihusiki. Bima ndiyo inayohusu ajali na wizi, na ndiyo inayolipiwa. Anayeambiwa "ina bima ya mwaka mmoja, bure" pengine anaelezwa waranti ambayo tayari ni yake.

Neno "wizi" lina maana yake kwenye karatasi

Hapa ndipo wengi huumia. Mtu akisikia kwamba bima inalipia wizi, huwaza wizi anaoujua: simu kunyakuliwa dirishani matatu ikiwa imekwama kwenye foleni ya Ngong Road, simu kuchomolewa kwenye mkoba katika msongamano wa stejini, au simu iliyoachwa kwa kinyozi ikichaji na kurudi kukuta waya mtupu. Mikataba mingi ya bima ya simu hutambua wizi wa namna mbili tu: wa kutumia nguvu au vitisho, na wa kuvunja mlango au dirisha. Simu iliyochomolewa polepole bila mwenyewe kuhisi inaweza isihesabiwe. Iliyoachwa mezani bila mtu wa kuiangalia karibu kila mara haihesabiwi. Iliyopotea tu, isijulikane ilianguka wapi, pia huwa nje.

Kwa hivyo swali la maana si "je, bima inalipia wizi?" Mnunuzi ajiulize simu zake mbili au tatu zilizopita zilipoteaje, kisha amwombe muuzaji aoneshe kwenye karatasi kama upotevu wa namna hiyo ungelipiwa. Aoneshe kwa kidole, mstari wenyewe. Muuzaji akisema karatasi italetwa baadaye, pesa nazo zinaweza kuletwa baadaye.

Maji nayo yana masharti yake. Ipo mikataba inayolipia simu iliyolowa na ipo isiyolipia. Katika mtaa ambapo paa la mabati huvuja kila masika, na ambapo mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliingia ndani ya nyumba nyingi za Nairobi, mstari huo unafaa kusomwa mara mbili. Mikwaruzo, betri iliyochoka na chaja iliyokufa havilipiwi.

Pesa zilizo ndani ya M-Pesa, picha na namba za wateja pia haziko ndani ya bima ya simu. Bima hulipia kifaa.

Hesabu yenyewe

Bei hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hivyo takwimu zifuatazo ni za mfano na mnunuzi aweke zile atakazopewa. Chukulia simu ya shilingi 16,000 na bima inayotoza asilimia 10 kwa mwaka. Hiyo ni shilingi 1,600. Juu yake huja ushuru wa stempu wa shilingi 40 na tozo za kisheria za asilimia 0.45 ya malipo ya bima, yaani shilingi 7 na senti 20. Jumla ni shilingi 1,647.

Sasa simu inaibwa mwezi wa kumi. Anayetarajia kurudishiwa 16,000 atashangaa. Kampuni nyingi hupunguza thamani ya simu kulingana na umri wake. Tuseme imepunguza asilimia 20, imebaki 12,800. Kisha kuna sehemu ya hasara ambayo mwenye bima hubeba mwenyewe, ambayo mawakala huitaja kwa sauti ya chini. Tuseme ni shilingi 2,000. Anachopokea ni 10,800.

Ukigawanya 10,800 kwa 1,647 unapata kama miaka sita na nusu. Anayepoteza simu kwa njia inayolipiwa mara moja kila miaka mitatu, bima hiyo inamrudishia zaidi ya anachotoa. Ambaye hajapoteza simu tangu 2015 anawalipia wengine.

Ifanye hesabu hiyo hiyo kwa simu ya shilingi 6,000, ambayo ndiyo wengi hununua. Malipo ya bima ni 600, na pamoja na stempu na tozo yanafika 643. Thamani ikipunguzwa asilimia 20 inabaki 4,800. Sehemu ya mwenyewe ikiwa ni ile ile 2,000, kwa kuwa kampuni nyingi huweka kiwango cha chini kisichoshuka hata simu ikiwa ya bei rahisi, anapokea 2,800. Hiyo haifiki nusu ya bei aliyonunulia. Na kabla ya kuipata atakuwa ametumia nauli, muda wa kwenda kituo cha polisi na siku za kusubiri. Kwa simu za bei hii, na kwa mulika mwizi kabisa, bima mara nyingi haina faida.

Lakini hesabu hii haimalizi kila kitu. Bima hununuliwa kwa ajili ya hasara ambayo mtu hawezi kuiziba kwa mara moja. Mwenye mshahara anaweza kununua simu nyingine mwisho wa mwezi. Mwendesha boda boda anayetegemea programu hawezi kufanya kazi kesho bila simu yenye uwezo huo, na akikopa kwa riba ya juu ili anunue nyingine, hasara inaongezeka. Kwake shilingi 1,647 zinaweza kuwa na maana hata kama hesabu ya miaka inasema vingine.

Njia ya tatu ipo, na vyama vya Kibera vinaijua kuliko kampuni yoyote. Shilingi 1,647 kwa mwaka ni kama shilingi nne na nusu kwa siku. Ikiwekwa kwenye chama, au ikifungwa kwenye M-Shwari ambayo imekuwapo tangu Novemba 2012, pesa hiyo haiulizi simu ilipoteaje. Ikiwa hakuna kilichotokea, bado ni ya mwenyewe. Udhaifu wake ni kwamba simu ikiibwa mwezi wa pili, akiba haijafika hata shilingi 300. Tena akiba ya nyumbani huwa na majina mengi: leo ni ya simu, kesho ni ya dawa.

Simu ya kulipa kidogo kidogo

Hawa ndio wanaopaswa kusoma karatasi zao kwa makini zaidi. Tangu Safaricom ilipozindua Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, kwa malipo ya shilingi 20 kwa siku, na kampuni nyingine kuleta mipango yao, watu wengi wa kipato cha kila siku wameweza kumiliki simu ambazo wasingeweza kuzinunua kwa mkupuo. Malipo yakichelewa simu hujifunga. Na simu ikiibwa, deni haliibwi nayo. Mteja anaweza kujikuta akilipa kila siku kwa ajili ya kifaa ambacho hakioni tena, huku akitafuta pesa za kingine.

Baadhi ya mipango hii huwa imejumuisha bima ndani ya malipo ya kila siku, na mteja hajui kwa sababu hakuuliza. Mingine haina kabisa. Kabla ya kununua bima ya pembeni, mteja aulize mambo mawili: je, tayari nimelipia bima, na simu ikiibwa, nani anamaliza deni? Ikiwa jibu la kwanza ni hapana, basi huyu, kuliko mnunuzi wa taslimu, ana sababu nzuri ya kufikiria bima, na aangalie kama fidia inatosha kumaliza deni.

Simu zilizokwisha tumika, za Toi Market au za Luthuli Avenue, mara nyingi hazikubaliwi. Kampuni hutaka simu mpya, risiti yenye jina la mnunuzi, na namba ya IMEI iliyoandikwa kwenye risiti hiyo. IMEI ni namba ya tarakimu 15 inayoitambulisha kila simu, na huonekana mtu akibonyeza *#06#. Wakazi wa muda mrefu wanakumbuka umuhimu wake: baada ya 30 Septemba 2012, simu bandia zipatazo milioni 1.9 zilizimwa nchini kwa sababu namba zao hazikuwa halali. Risiti na IMEI zipigwe picha na kutumwa kwa jamaa au kwenye barua pepe. Karatasi iliyo chini ya godoro huungua pamoja na nyumba.

Nani anayeuza

Serikali ya Kaunti hutoa leseni ya biashara kwa duka, lakini leseni hiyo hairuhusu duka kuwa kampuni ya bima. Bima husimamiwa na serikali ya kitaifa kupitia Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA, ambayo huchapisha orodha ya kampuni na mawakala walioidhinishwa. Duka linaweza kuuza bima kwa niaba ya kampuni. Haliwezi kuwa kampuni lenyewe. Ahadi iliyoandikwa kwa kalamu nyuma ya risiti, "ikiharibika tutakubadilishia", ni ahadi ya muuzaji tu, na muuzaji akihama hakuna wa kuidai. Mnunuzi aulize jina la kampuni ya bima, alitafute kwenye orodha, na apewe hati yenye namba.

Simu ikiibwa, hatua ya kwanza ni laini, bima ni baadaye. Mwenye simu aazime ya jirani, apigie mtandao wake na kuifunga laini kabla mwizi hajajaribu PIN. Kisha aende kituo cha polisi, iwe Kibera au Muthangari, apewe namba ya OB na abstrakti. Afanye hivyo siku hiyo hiyo, kwa kuwa mikataba mingi huweka muda wa saa chache tu au siku moja au mbili, na dai lililochelewa ndilo rahisi kukataliwa. Aeleze tukio lilivyokuwa. Maelezo ya polisi na ya fomu ya bima yakitofautiana, kampuni huona.

Kampuni ikikataa kulipa, mwenye bima aombe sababu kwa maandishi, kisha apeleke malalamiko IRA, ambayo ofisi zake ziko Zep-Re Place, Upper Hill. Malalamiko hayo hayahitaji wakili. Ugomvi na duka lenyewe, kwa mfano lililopokea pesa za bima na kutoziwasilisha, unaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, mtu anaweza kujiwakilisha mwenyewe, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60. Kinachohitajika mkononi ni risiti, ujumbe wa M-Pesa wa malipo, na hati ya bima, ikiwa aliyelipa aliwahi kupewa.