Printa za wino wa mirija: Hasara huanza duka likifungwa

SHULE zinapofungwa mwezi Juni na Desemba, biashara ya steshenari hupungua na baadhi ya wenye maduka hufunga kwa wiki kadhaa. Mtaji unaolala dukani wakati huo si karatasi peke yake. Printa yenye mfumo wa wino wa nje ikiachwa bila matayarisho huweza kuziba kichwa cha kuchapia, yaani ile sehemu yenye matundu membamba yanayorusha wino. Gharama ya kubadili kichwa hicho inaweza kukaribia bei ya printa nyingine.

Mfumo huo ni matangi madogo yanayokaa kando ya mashine na kupeleka wino kwa mirija hadi kwenye katriji. Wenye maduka waliupenda kwa sababu wino wa chupa ni nafuu kuliko katriji mpya. Usichanganywe na printa zenye matangi ya kiwandani, kama zile ambazo Epson ilianza kuziuza Indonesia mwaka 2010. Matangi hayo ni sehemu ya mashine na hayafunguliwi.

Lini ufunguliwe

Kwa mapumziko ya wiki mbili au tatu, njia nafuu ni kuuacha mfumo mahali pake na kumwachia mtu kazi ya kuchapa ukurasa mmoja wa rangi kila wiki. Kuufungua kuna maana pale duka linapofungwa kwa muda mrefu, linapohama, au printa inapopelekwa kwa fundi.

Namna ya kuufungua

Kwanza uchapwe ukurasa wa majaribio. Mistari ikikatika, kichwa kisafishwe kabla ya kuhifadhi, kwani wino ulioganda kidogo leo utakuwa umekauka kabisa baada ya miezi miwili.

Pili, matundu ya hewa ya matangi yazibwe kabla ya kunyanyua chochote. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tangi lililo juu ya usawa wa printa husukuma wino kupitia kichwa na kuumwaga ndani ya mashine. Lililo chini huuvuta wino urudi, na hewa huingia kwenye mirija. Kwa hiyo matangi na katriji vibaki katika usawa mmoja muda wote.

Tatu, printa ikiwa bado inawaka, katriji ziletwe mahali pa kubadilishia kwa kutumia kitufe cha mashine, si kwa kusukuma kwa mkono. Zikishatoka, midomo yake izibwe kwa vizibo vyake na ziwekwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Mirija isikunjwe.

Kwa printa ambazo kichwa hubaki ndani ya mashine, kama Epson, katriji za kawaida ziwekwe mara moja ili kichwa kisikauke. Kisha printa izimwe kwa kitufe chake. Swichi ya ukutani ikizimwa kwanza, au umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa hubaki nje ya kifuniko chake cha mpira. Kwa zile ambazo kichwa kiko kwenye katriji yenyewe, kama printa nyingi ndogo za HP, kichwa hutoka pamoja na katriji na huhitaji klipu yake ya kufunika matundu.

Matangi yasimame wima, mahali penye baridi, mbali na jua, yakiwa na tarehe. Baadhi ya watengenezaji hushauri wino uliokwisha kufunguliwa utumike ndani ya miezi sita.

Siku ya kurudi

Matangi yarudishwe katika usawa wa printa. Wino wa aina ya pigimenti, ambao chembe zake hutuama, utikiswe polepole. Matundu ya hewa yafunguliwe baada ya katriji kukaa sawasawa. Mapovu yakionekana kwenye mirija, yavutwe kwa bomba la sindano kupitia mdomo wa katriji.

Kusafisha kichwa kusizidi mara mbili mfululizo. Kila usafishaji hupeleka wino kwenye sifongo ya wino mchafu, na mashine ikihesabu kuwa sifongo imejaa husimama. Rangi ikikataa, printa ipumzishwe usiku mzima ndipo ijaribiwe tena.

Kwa wanunuzi

Anayenunua printa iliyotumika asiridhike na kuona matangi yamejaa. Adai ukurasa wa majaribio uchapwe mbele yake, rangi zote, na aangalie mirija kama ina hewa. Muuzaji asiyeweza kuutoa ukurasa huo anauza mashine ambayo kichwa chake huenda kimeziba, na bei ishuke kwa kiasi cha kichwa kipya.