Je, Wajua? Kidonge Kimoja, Dawa Mbili

Sogea, msomaji, benchi lina nafasi na taa za Sonatubes bado nyekundu. Je, wajua kwamba makutano haya ya Kicukiro yalirithi jina la kiwanda cha mabomba ya chuma? Mabomba, ndiyo! Basi leo tupige soga ya mabomba, ila ya kwetu yamo ndani ya mwili, na fundi wake ni kidonge unachomeza na maji.

Je, wajua kwamba kwa Kinyarwanda presha ni umuvuduko w'amaraso, yaani kasi ya damu? Na umuvuduko huohuo ndio unaonaswa na kamera za barabarani, zile ambazo madereva wa Rwanda wamezibatiza Sofia. Motari, yule dereva wa pikipiki, akizidisha mwendo, Sofia anamwona na faini inafika kwenye simu. Damu ikizidisha, Sofia hayupo: huumwi, huwashwi, unakula na kulala kama kawaida.

Ndiyo maana idadi hii inashangaza. Mwaka 2019 watu wazima bilioni 1.28 duniani, wa miaka 30 hadi 79, walikuwa na presha ya juu, na karibu nusu yao hawakuwa na habari! Rwanda nayo ilijipima kitaifa mwaka 2012 na 2013, ikakuta karibu watu 15 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 64. Hesabu waliosimama kituo cha basi pale mbele, kisha niambie.

Je, wajua aliyepima presha kwanza alimpima nani? Farasi! Mwingereza Stephen Hales, mchungaji wa kanisa, alimlaza farasi jike, akaunganisha mshipa wake na bomba refu la kioo, akasimama kutazama. Damu ikapanda mita 2 na nusu. Akaichapisha habari hiyo mwaka 1733.

Wewe je? Presha ya 120 ina nguvu ya kurusha maji mita 1.6 kwenda juu, karibu na kimo chako. Ya 180 inayafikisha karibu mita 2 na nusu, juu ya fremu ya mlango wowote wa duka hapa. Na moyo unafanya hivyo mara 100,000 kwa siku bila kuomba likizo.

Sasa shika benchi. Tarehe 12 Aprili 1945, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alipimwa presha akiwa anakata roho: 300 kwa 190! Hiyo ni maji ya mita 4. Nenda BK Arena pale Remera uangalie ringi ya kikapu: iko mita 3.05 tu. Mtu mwenye madaktari bora wa nchi tajiri kuliko zote, na dawa ya kumtuliza haikuwepo. Kidonge cha kwanza kizuri cha kukojoza, klorothiazaidi, kiliingia sokoni mwaka 1958, miaka 13 baada ya mazishi yake. Leo mjukuu wa dawa hiyo yumo ndani ya boksi la shangazi yako.

Turudi kwenye mabomba, maana hapa pana utamu. Je, wajua kwamba bomba likipungua upana kwa nusu, kinachopita hakipungui kwa nusu? Kinabaki sehemu 1 ya 16! Aliyeigundua hesabu hiyo ni Jean Poiseuille, daktari wa Ufaransa, na alikuwa akiwaza damu. Huyohuyo ndiye aliyeingiza zebaki kwenye upimaji mwaka 1828, na hadi leo ile 120 yako ni milimita za zebaki. Kwa hiyo ukipanua mishipa kidogo tu, mzigo unaotoka moyoni ni mkubwa.

Na hapo ndipo kidonge mseto kinapoingia. Usishtuke na neno mseto, si ule wa malaria peke yake. Huu nao ni dawa mbili, wakati mwingine tatu, zilizoshindiliwa ndani ya tembe moja: moja inapanua bomba, nyingine inapunguza maji kwenye tangi au inazuia koki isikazwe.

Je, wajua kuongeza dawa ya pili ya kundi jingine kunashusha presha takriban mara 5 zaidi kuliko kuongeza maradufu dozi ya ile ya kwanza? Watafiti walijumlisha majaribio 42 yenye watu 11,000, wakatoa jibu hilo mwaka 2009. Mara tano! Mimi niliisoma sentensi hiyo mara mbili.

Halafu dawa hizi hutunzana kama majirani wema. Amlodipine peke yake huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, viatu vikagoma jioni. Iunganishe na dawa ya familia ya sartan, na uvimbe huo hupungua. Dawa ya kukojoza hutoa potasiamu mwilini, sartan huirudisha. Nani kasema ujirani umekufa?

Je, wajua mseto si mtindo wa jana? Mwaka 1967 madaktari wa hospitali za wanajeshi wastaafu Marekani walitangaza matokeo: wanaume 73 walipewa mchanganyiko wa dawa tatu, wengine 70 wakapewa vidonge visivyo na kitu. Upande wa vidonge bandia, watu 27 walipata madhara makubwa. Upande wa mseto, wawili! Na moja ya dawa hizo tatu, reserpine, asili yake ni mmea wa India, wenye ndugu yake katika misitu ya Kongo, jirani yetu hapo ng'ambo.

Na Afrika? Je, wajua swali la mseto gani unatufaa sisi liliulizwa kwetu wenyewe? Watu 728 kutoka Kenya, Uganda, Nigeria, Kameruni, Msumbiji na Afrika Kusini walijaribiwa miseto mitatu, na matokeo yakatoka mwaka 2019. Miseto miwili yenye amlodipine ndani yake iliushinda ule usio nayo. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaingiza vidonge mseto vya presha kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Mwaka 2021 likasema wengi wanaweza kuanza moja kwa moja na mseto, bora katika kidonge kimoja.

Kuna nyoka pia, nilitaka kumsahau! Familia nzima ya dawa zinazoishia na pril imetokana na sumu ya nyoka wa Brazili, jararaca, ambaye akikuuma presha inaporomoka. Mbrazili Sérgio Ferreira aliichunguza sumu hiyo miaka ya 1960, na captopril ikaruhusiwa Marekani mwaka 1981. Kwa hiyo mzee anayemeza kidonge chake asubuhi pale Gikondo anameza, kwa mbali sana, hila ya nyoka.

Umeona nilivyosema zinazoishia na pril? Sasa chukua boksi lako. Lile jina kubwa la rangi ni la biashara, liache. Dawa yenyewe imeandikwa chini yake kwa herufi za sisimizi, mara nyingi majina mawili na mkwaju katikati: amlodipine na valsartan, 5/160. Je, wajua mkia wa jina hukuambia ukoo wake? Dipine hupanua mishipa. Sartan na pril huzuia koki isikazwe, kila moja kwa njia yake. Thiazide hukojoza. Tayari umekuwa nusu mfamasia!

Na ujuzi huo wa mkia una faida kubwa. Ukikuta pril kwenye boksi moja na sartan kwenye jingine, usizimeze pamoja kabla ya kumuuliza daktari. Jaribio la watu zaidi ya 25,000, lililotoka mwaka 2008, liliona kwamba wawili hao pamoja hawaokoi zaidi. Wanaongeza tu kizunguzungu na taabu za figo. Ukikuta amlodipine kwenye mseto mpya na amlodipine nyingine kwenye boksi la zamani mkobani, hiyo ni dozi mbili zimevaa mashati tofauti. Huko ndiko mama mmoja alikonasa, nikiwa nyuma yake kwenye foleni ya famasi. Alimimina mkoba mzima kaunta: maboksi matatu, funguo, kitambaa, pipi za mjukuu. Mfamasia akageuza maboksi, akaweka kidole kwenye ile mistari ya sisimizi, kimya. Matatu, na dawa ni zilezile mbili. "Mama, hizi zote unameza?" "Zote, mwanangu, si ni za presha?"

Je, wajua ile miligramu 5 ya amlodipine ina uzito gani? Karibu robo ya punje ya mchele! Sehemu iliyobaki ya kidonge ni unga wa kukishikilia tu. Robo ya punje inatosha kumtuliza mtu wa kilo 90, kwa hiyo usikidharau kwa udogo wake, wala usiongeze cha pili eti leo kichwa kinagonga.

Umesahau kidonge? Ukikumbuka siku hiyohiyo, meza. Ikiwa saa ya kingine imekaribia, ruka, uendelee na ratiba. Viwili kwa mpigo, hapana! Amlodipine inakaa mwilini kwa ukarimu: inachukua saa 30 hadi 50 kupungua kwa nusu tu, kwa hiyo siku moja haikuangushi. Wiki ndiyo inaangusha.

Asubuhi au usiku? Watu wamegombana sana juu ya hilo. Uingereza wakawafuatilia watu 21,104, na mwaka 2022 jibu likatoka: ni sawasawa! Chagua saa usiyoisahau, wakati wa chai au wa kupiga mswaki. Anayefunga Ramadhani pale Nyamirambo anaweza kuhamishia kidonge cha mara moja kwa siku daku au futari, ila azungumze na daktari kabla mwezi haujaandama, hasa chenye dawa ya kukojoza.

Je, wajua balungi lina ugomvi na baadhi ya dawa hizi? Iligundulika kwa bahati Kanada: watafiti walitumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe kwenye jaribio, na kiwango cha dawa kwenye damu kikaruka mara kadhaa. Wakaitangaza mwaka 1989. Ilikuwa felodipine, ndugu wa amlodipine. Amlodipine yenyewe haitikisiki sana, lakini soma karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi.

Mgomvi mkubwa zaidi umeshamzoea: ibuprofen na diclofenac, zile za goti baada ya mpira wa Jumapili. Zinapandisha presha, na zikikutana na sartan au pril pamoja na dawa ya kukojoza, figo ndizo zinazolipa. Chumvi ya kisasa yenye potasiamu nayo muulize daktari kwanza. Ukiharisha na kutapika siku nzima, piga simu kituo cha afya kabla ya kidonge kinachofuata.

Matatu haya siyaleti kwa utani. Pril na sartan humdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo mwenye mimba au anayeitafuta aseme mapema, abadilishiwe. Pril huleta kikohozi kikavu kwa takriban mtu 1 kati ya 10. Na mara chache huvimbisha midomo, ulimi au uso ghafla, nasi watu weusi tunapatwa zaidi. Hapo si pa kungoja kesho, ni hospitali sasa hivi.

Je, wajua mwaka 1929 daktari mmoja aliandika kwamba alipima wanaume 1,000 huko Kavirondo, magharibi mwa Kenya, na presha zao hazikupanda na uzee? Baada ya miaka 40 zilishuka! Miongo sita baadaye watafiti wakawafuata Wajaluo waliohamia Nairobi. Presha ilianza kupanda muda mfupi tu baada ya kufika mjini, na chumvi ikaonekana kwenye mkojo wao. Wewe uliyekuja Kigali kutafuta maisha, chumvi unayoruhusiwa kwa siku nzima ni chini ya gramu 5, kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyojificha kwenye mkate.

Kupima kwenyewe kuna vituko. Kibofu kikijaa, presha hupanda pointi 10 au zaidi. Ukiongea na nesi wakati mkono umefungwa, hivyohivyo. Nenda chooni, kaa dakika 5, miguu chini, mdomo kimya! Na siku ya michezo ya Kigali, ile Jumapili magari yanapofungiwa barabara tangu 2016, hupimwa presha bure ukiwa umelowa jasho, ila pumzika kwanza.

Taa zimekuwa kijani, na motari wako anapiga honi. Presha ikirudi 120 usikitupe kidonge, maana ni chenyewe kilichoishusha. Jioni hii toa maboksi yote ya dawa nyumbani, yaweke mezani, na umsomee mfamasia wa mtaa wako ile mistari ya sisimizi, mmoja baada ya mwingine.