Maziwa lala si badala ya tembe za kisukari

Ikiwa unaugua kisukari, huenda umeshauziwa au utauziwa unga wenye "bakteria wazuri", na kuambiwa kwamba ukiutumia hutahitaji dawa tena. Kabla hujatoa pesa, soma haya.

Ni kweli kwamba utumboni mwako mnaishi bakteria wasiohesabika, na wengi wao ni wa manufaa. Humeng'enya nyuzinyuzi za vyakula ambazo tumbo lenyewe haliziwezi, kisha hutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Elie Metchnikoff, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1908, ndiye aliyeeneza fikira kwamba maziwa yaliyoganda hurefusha maisha. Wakalenjin hawakumsubiri ili wajue kugandisha mursik.

Hata hivyo, kusaidia utumbo ni jambo moja na kutibu kisukari ni jingine. Katika majaribio mengine sukari ilishuka kidogo, katika mengine haikushuka. Mwaka wa 2020 chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani kilipima ushahidi kuhusu magonjwa ya tumbo yenyewe, na kwa mengi yao hakikuona sababu ya kupendekeza bakteria hao. Sembuse kisukari!

Najua kwa nini wengi huitupa metformini: huwaendesha. Lakini tatizo hilo lina tiba. Imeze pamoja na chakula. Mwombe daktari akuanzishie kipimo kidogo na kukiongeza polepole, au akupe ile inayoyeyuka taratibu. Aghalabu tumbo hutulia baada ya wiki chache. Ukiiacha kimya kimya, sukari nayo hupanda kimya kimya, ikidhuru macho, figo na mishipa ya miguu.

Maziwa lala kunywa, mradi yawe yametokana na maziwa yaliyochemshwa, kwani mabichi huweza kuleta bruselosi. Jihadhari na yoguti tamu za madukani. Soma kibandiko uone sukari iliyomo. Bakteria ulio nao tayari walishe kwa maharagwe, ndengu na sukuma wiki, vyakula ambavyo havikugharimu kama ule unga.

Mwenye kinga dhaifu sana asimeze bakteria hai bila ushauri wa daktari. Na ikiwa ulishanunua, siku ya kliniki beba mkebe wenyewe, daktari asome kilichomo.