Macho yakififia, utumishi haukomi



Huenda usharikani kwenu yupo mzee aliyeacha kusoma somo la Jumapili. Ukimwuliza, anasema amewaachia vijana. Ukweli ni kwamba akifungua Biblia anaona doa katikati ya ukurasa, na mistari imepinda. Anaona aibu kusema. Huenda mzee huyo ni wewe.

Upo ugonjwa wa uzeeni unaoharibu makula, sehemu ndogo katikati ya retina, nyuma ya jicho, inayotuwezesha kusoma na kutambua sura. Kwa kawaida hauleti giza totoro, maana pembeni mtu huendelea kuona. Ziba jicho moja, kisha jingine, ukitazama fremu ya mlango. Ikionekana imepinda, wahi kwa daktari wa macho. Aina moja, ya mishipa ya damu inayovuja, huweza kudhibitiwa kwa sindano za jicho zikianza mapema. Na kama unavuta sigara, acha, kwani huongeza hatari.

Uoni uliopotea mara nyingi haurudi, lakini msaada upo: taa yenye mwanga mzuri karibu na ukurasa, kioo cha kukuzia, Biblia ya maandishi makubwa, simu inayokuza herufi au kusoma kwa sauti. Wengine hujifunza kutazama kando kidogo ya neno ili walione. Kuomba uponyaji na kutumia kioo havipingani. Vyote ni kupokea kutoka kwa Mungu yule yule.

Soma 1 Wafalme 14. Nabii Ahiya alikuwa haoni kwa sababu ya uzee. Mke wa Yeroboamu alimjia akiwa amejigeuza asitambulike. Bwana alikuwa amekwisha kumwambia Ahiya ni nani anayekuja, naye aliposikia tu kishindo cha miguu yake mlangoni, akamwita kwa utambulisho wake na kumpa ujumbe. Mungu hakumstaafisha kwa sababu ya macho.

Nasi tunaoona tuna wajibu. Mzee akikupita bila salamu, usiseme anaringa. Usimtege kwa kumwuliza, "Umenijua?" Taja jina lako kwanza. Mchapishie nyimbo kwa herufi kubwa, na mpe somo mapema katika juma ajiandae.

Nawe uliyekuwa ukificha, leo baada ya ibada mwambie mtu mmoja. Kiti chako cha utumishi bado kipo.

Jumapili njema.