Maneno Matatu Karibu na Sahihi: Matumizi ya "On Behalf Of"

Wasomaji wetu wa Katoro na vijiji vilivyo kandokando yake wajua ya kuwa kazi ya dhahabu haiendi bila karatasi. Mwenye shamba hupatana na mwenye leseni. Mwenye duara hupatana na mtoa fedha. Mwenye viroba vya mawe humtuma mtu kwenda kuuza. Kila mapatano yana hati yake, na kila hati ina mahali pa kutia sahihi au dole gumba. Tangu mwaka 2021 sheria ya nchi imetamka ya kuwa Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, nalo ni jambo jema. Hata hivyo barua za kampuni na mikataba mingi ya biashara ingali ikiandikwa kwa Kiingereza, na mara nyingi karibu na sahihi huonekana maneno haya matatu: "on behalf of". Leo twapenda kuyaeleza, kwa faida ya walimu wanaoyafundisha, ya viongozi wa vijiji wanaoletewa hati ili washuhudie, na ya kila mtu ajuaye kusoma.

Kwanza, ujenzi wake. Katika Kiingereza vipo vihusishi vya neno moja, kama "in", "on" na "for". Tena vipo vihusishi vilivyofanywa kwa maneno mawili au matatu, navyo hufanya kazi kama neno moja. "On behalf of" ni mojawapo ya hivyo. Maneno yake hayatenganishwi wala hayabadilishwi kwa kupenda. Neno "behalf" halitumiki peke yake katika Kiingereza cha leo. Asili yake ni maneno mawili ya kale, "by" na "half". Na zamani hizo "half" halikuwa na maana ya nusu tu, bali maana ya upande pia. Basi atendaye jambo "on behalf of" mwenzake, kwa asili ya maneno, yuko upande wa mwenzake.

Kiswahili nacho kina mfano wake ulio karibu sana. Sisi twasema "kwa niaba ya". Niaba ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo ni ndugu ya neno naibu. Naibu ni mtu ashikaye mahali pa mkubwa wake. Lakini mamlaka ayatumiayo si yake mwenyewe, ni ya yule aliyemweka. Mwalimu akiwaeleza wanafunzi undugu wa maneno haya mawili, watafahamu upesi kuliko kwa kukariri.

Sasa matumizi yake. Jina la mtu likitajwa, huandikwa baada ya "of": "on behalf of the owner", yaani kwa niaba ya mwenye mali. Yaweza pia kuandikwa "on the owner's behalf", na maana ni ile ile. Ikiwa jina halitajwi, husemwa "on my behalf", "on your behalf", "on their behalf", kama sisi tusemavyo kwa niaba yangu, yako na yao. Haifai kuandika "on behalf of me", kama vile kwetu haifai kusema kwa niaba ya mimi. Tena, hata wanaowakilishwa wakiwa mia, neno "behalf" halitiwi wingi. Waingereza huandika "on behalf of". Baadhi ya Wamarekani huandika "in behalf of", hasa wakitaka kusema kwa manufaa ya mtu. Msomaji akikutana na hayo asidhani kuwa ni kosa la chapa.

Hapo pana jambo la kuangalia. "On behalf of" lina maana mbili. Ya kwanza ni kutenda kwa amri au ruhusa ya mwingine, kama msimamizi aliyetumwa na mwenye duara. Ya pili ni kutenda kwa manufaa ya mwingine, hata kama hakukutuma. Mtu akisema amekusanya fedha "on behalf of the orphans", mayatima hawakumtuma. Yeye amewafanyia wema. Katika hotuba na habari za gazeti maana zote mbili hupatikana. Katika mkataba, lakini, maana itakiwayo ni ile ya kwanza, na hapo ndipo penye hatari, maana mtu aweza kusema moyoni mwake kwamba amesaidia tu, kumbe hati yasema kwamba ametumwa.

Pili, yapo maneno yanayofanana na haya, wala si mamoja nayo. "Instead of" ni badala ya. "The brother came instead of the owner" maana yake ndugu alikuja, mwenyewe hakuja. Lakini hatukuambiwa kwamba ndugu huyo ana ruhusa ya kusema neno lolote. "For" peke yake ni pana mno: laweza kuwa kwa ajili ya, kwa bei ya, kwa muda wa, au kwa niaba ya. Nalo "on the part of" hukosewa na wengi. "A mistake on the part of the clerk" ni kosa lililotoka kwa karani mwenyewe. Mtu akiandika "a mistake on behalf of the clerk", amesema kitu kingine kabisa, kana kwamba karani alimtuma mtu akosee kwa niaba yake. Walimu na walizingatie hili katika kusahihisha insha.

Katika barua na mikataba, maneno yetu hukaa mwishoni. Kampuni haina mkono wa kushika kalamu, kwa hiyo huandikwa "for and on behalf of", kisha jina la kampuni, na chini yake hutia sahihi mtu mwenye ruhusa, pamoja na jina lake na cheo chake. Pengine huonekana herufi mbili tu, "p.p.", ambazo asili yake ni Kilatini, na maana yake ni kwa uwezo aliopewa na mwingine. Barua za serikali yetu nazo zina alama yake: "Kny.", yaani kwa niaba ya, kisha cheo cha mkubwa. Ukiona hiyo, jua ya kuwa aliyetia sahihi ni mtu mmoja, na anayesema katika barua ni mwingine.

Tatu, faida na hasara yake katika sheria. Sheria ya Mikataba ya nchi hii, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata mfano wa ile ya India ya mwaka 1872, ina sehemu nzima ihusuyo mtu anayetumwa na mwenziwe kufanya mapatano. Kwa kifupi, mtu aliyepewa ruhusa akifanya mkataba kwa niaba ya mkubwa wake, mkataba humfunga yule mkubwa, wala kwa kawaida haumfungi mtumwaji mwenyewe. Lakini mtumwaji asipomtaja aliyemtuma, huhesabiwa kuwa amejifunga mwenyewe, isipokuwa yapatikane maneno ya kuonyesha vinginevyo. Na mtu akitenda kwa niaba ya mwingine bila ruhusa, yule mwingine ana hiari: aweza kulikubali tendo hilo, nalo likawa kama lililoruhusiwa tangu mwanzo, au aweza kulikataa. Akilikataa, aliyejidai kuwa ametumwa aweza kutakiwa kulipa hasara.

Tufikiri mfano. Msimamizi wa duara akopa mafuta na kamba dukani Katoro. Akitia sahihi kwa jina lake tu, mwenye duka aweza kumdai yeye, hata kama duara ni la mwingine. Akiandika kwamba amekopa kwa niaba ya mwenye duara, akamtaja kwa jina, naye kweli ana ruhusa, deni ni la mwenye duara. Mafuta ni yale yale na kamba ni ile ile, lakini maneno machache yamelihamisha deni kutoka nyumba moja hata nyingine.

Historia ya Afrika ina mfano mkubwa zaidi wa dhahabu na hati ya Kiingereza. Tarehe 30 Oktoba 1888, huko Bulawayo, mfalme Lobengula wa Wamatabele alitia alama yake katika hati iliyowapa wageni watatu haki ya madini yote ya nchi yake. Naye aliahidiwa pauni 100 kila mwezi, bunduki 1,000 na risasi 100,000. Wageni hao walikuwa Charles Rudd, Rochfort Maguire na Francis Thompson, na hati yasema kwamba wao ndio wapewao. Lakini watu hao walikuwa wakifanya kazi ya Cecil Rhodes, na jina la Rhodes halimo katika hati hiyo. Mwaka 1889 Lobengula alimwandikia Malkia wa Uingereza kuikana hati ile. Mwaka huo huo kampuni ya Rhodes ilipewa idhini na Malkia, na mwaka 1893 vita vikaingia nchini. Hatusemi ya kuwa maneno matatu yangelitosha kuiokoa nchi ile. Twasema tu ya kuwa mfalme alitia alama katika karatasi isiyoonyesha aliye nyuma yake.

Basi yafaa kila aletewaye hati aulize mambo manne kabla ya kutia sahihi au dole gumba. Anayetia sahihi upande wa pili asema kwa ajili yake mwenyewe, au kwa niaba ya mwingine? Huyo mwingine ametajwa kwa jina kamili? Ruhusa ya kusema kwa niaba yake iko wapi, nayo imeandikwa? Na mimi je, ninajifunga mwenyewe, au ninaifunga jamaa yangu, kikundi changu au kijiji changu? Ikiwa hati ni ya Kiingereza, na isomwe na mtu asiye wa upande wo wote, aifasiri neno kwa neno mbele ya mashahidi. Wazee wametuachia usia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba daftari nalo litaje ni nani anayesema, na ni kwa niaba ya nani.